Mapipa Yatakaa kwa Nani

3 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mimi mzima, Mzee naye mzima, ila masikio yake siku hizi yanachagua cha kusikia. Ukimwambia akaoge, hasikii. Ukifungua kopo la sukari chumba cha pili, anauliza kuna nini. Kila jioni ananiuliza, "Kitinda kafika?" Namwambia bado. Anasema basi komeo lisitiwe, usije ukakuta mlango umefungwa.

Najua utasema si ningepiga simu tu. Kwenye simu nikikuuliza jambo la maana, mtandao wako unakuwa mbaya ghafla. Barua haikatiki.

Kazi ipo. Shule imenipa sare za kushona na cherehani inaunguruma kutwa. Sina la kulalamika.

Jambo lenyewe ni hili. Kule machimboni, kwenye shimo la kokoto alikofanyia kazi Mzee, wamekuja watu wa kofia ngumu na gari lenye mtambo. Wametoboa ardhi huku na huku, udongo waliotoa wakaupanga kwenye masanduku marefu kama mikate. Ukiwauliza, jibu ni moja tu: utafiti. Watu wamefurahi, wanasema tunachimbiwa kisima. Jirani yetu muuza mkaa ameshaanza kugawa vyeo kwenye mradi wa maji ambao haupo. Mimi roho yangu haijatulia. Mmoja wao nilimkuta anapima kona za barabara toka kwenye lami hadi shimoni, kana kwamba kuna lori refu litapita. Kisima na lori refu vinahusiana vipi? Wewe uko serikalini. Ni maji kweli?

Na unakuja lini? Kitanda chako nimekitandika tena. Nimechoka kufua shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Dada yako


11 Machi

Shikamoo Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini Mzee bado anasikia kopo la sukari.

Nianze na habari njema. Wifi yako ni mjamzito. Baada ya miaka yote ile ya kwenda na kurudi kwa madaktari, tulikuwa tumeshakata tamaa, sasa kashikilia ukuta kila asubuhi anatapika na mimi nimesimama nyuma yake nacheka kama mwehu. Mwambie Mzee, lakini wengine wasubiri kidogo.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami nimekuwa nikisema "maabara" ili yaishe. Ngoja nikueleze leo. Hospitali na viwanda vinatumia vitu vyenye mionzi. Vikishatumika yanabaki mabaki: glavu, chupa, karatasi, vifaa vya kupimia vilivyokufa. Yanaitwa mabaki ya kiwango cha chini, maana si makali kama watu wanavyodhani, lakini huwezi kuyatupa jalalani. Mengine hupoa kwa wiki chache, mengine yanataka muda mrefu kuliko umri wa mtu. Sisi tunayafungasha kwenye mapipa, tunamimina zege, tunapima, tunaweka.

Tunapoyaweka ndipo penye shida. Ni ghala nyuma ya ofisi lililojengwa kwa ajili ya samani. Limejaa. Mvua ikinyesha tunakinga ndoo chini ya bati. Upande wa pili wa ukuta kuna zahanati ya kina mama, na wifi yako ndiko anakopimwa. Sasa Wizara inaandika sera, nchi nzima iwe na hifadhi moja ya kudumu, yenye kuta za maana na ulinzi. Mimi ni mmoja wa wanaoandika rasimu.

Kuhusu wale watu wa kofia, nitaulizia.

Kuja nitakuja, mambo yakitulia. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Mdogo wako


2 Aprili

Kitinda,

Hatujambo. Mzee nilipompa habari ya mimba alisikia mara ya kwanza, bila kurudia. Akatoka nje, akakaa peke yake muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Hongereni. Nimefurahi kweli, na furaha hiyo iweke kando, maana ninayotaka kusema sasa ni mengine.

Jumamosi tuliitwa mkutano ukumbi wa shule. Walikuja watatu na kipaza sauti. Mkubwa wao akazungumza kuhusu maendeleo, barabara, ajira za ulinzi, halafu akateremsha kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Eneo la machimbo limependekezwa kuwa hifadhi ya mabaki ya mionzi ya kiwango cha chini."

Kisha muuza mkaa akauliza, "Kwa hiyo kisima hakipo?"

Watu walicheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kelele. Mwalimu mkuu akauliza kwa nini wametoboa kwanza na kuuliza baadaye. Yule mkubwa akasema huo ndio utaratibu wa kitaalamu. Ndipo sauti ya nyuma, sitakwambia ya nani, ikasema, "Mbona hammuulizi fundi cherehani? Ndugu yake si yuko huko huko kwenye mionzi?"

Kitinda, ukumbi mzima ulinigeukia. Nimewashonea watu hao nguo za ndoa na za msiba.

Mama amelala kwenye mteremko juu ya lile shimo. Wewe uliutia udongo kwa mikono yako, ukiwa hujafika hata kiunoni mwangu.

Swali langu ni moja, nalo usinijibu kwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua?

Sauti imenikauka tangu siku ile na donge limenikaa kooni, haliteremki.

Dada yako


20 Aprili

Shikamoo Dada,

Nilijua.

Nilijua kabla watu wa kofia hawajafika. Kwenye ramani lilikuwa namba tu, eneo la tatu. Nikaitambua kona ya shule, kisha mteremko. Niliomba ruhusa nikatoka nje ya kikao, nikajidai simu inaita.

Tuliambiwa tusitamke neno mpaka Waziri atangaze. Mkurugenzi akanipiga bega akasema, "Vizuri, wewe ni wa kule, utatutulizia watu." Ndiyo sababu sijaja, Dada. Ningekaaje mezani na Mzee, nimtazame usoni, na jambo hilo niko nalo kifuani? Kila nilipofungasha begi nililifungua tena.

Lakini usidhani nimewauza. Haya mapipa nayajua. Pipa lililofungwa vizuri, ndani ya zege, mahali pakavu, haliwadhuru. Kinachonitisha mimi si shimo la kwetu. Ni ghala hili linalovuja, mjini, watu wamelizunguka pande zote. Mabaki hayaondoki kwa sababu hakuna anayeyataka. Lazima yawe mahali fulani, juu ya ardhi ya mtu fulani. Hilo ndilo ninalopambana nalo kila siku, na kila siku linarudi kuwa ardhi yetu.

Nimeandika kwenye rasimu kwamba watu waulizwe kabla eneo halijateuliwa. Wamekifuta kifungu hicho. Nimekiandika tena.

Umesema una donge kooni. Una haki ya kukasirika. Nitukane, lakini niandikie.

Mdogo wako


30 Juni

Dada,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Simu yako haipatikani. Jana nilipiga ya Mzee, akapokea muuza mkaa. Nikamuuliza uko wapi, akasema, "Dada yako kasafiri." Kasafiri wapi? "Hakusema." Tangu lini wewe umesafiri? Hata harusi yangu ilibidi tuje kukuvuta.

Kama ni hasira, sawa, nitaivumilia. Kama ni kitu kingine, nihurumie uniambie. Kitandani nageuka tu, mpaka wifi yako ananiuliza nimeshikwa na nini.

Kitinda


19 Julai

Kitindamimba wangu,

Nimerudi nyumbani jana. Mzee alitunzwa vizuri na mke wa muuza mkaa, kanenepa hata. Wifi anaendeleaje? Asibebe ndoo.

Kaa chini kwanza usome.

Lile donge halikuwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, tena nyingi, lakini donge lilikuwa donge la kushika kwa vidole. Nilianza kulificha kwa mtandio tangu mwaka jana. Daktari wa hapa akanituma hospitali kubwa ya huko kwenu mjini. Ni saratani ya tezi ya shingoni. Wamenikata, wakaitoa. Kisha wakasema ili kumaliza masalia, nimeze kidonge chenye mionzi.

Nilicheka, Kitinda. Nesi alidhani nimeshtuka. Nikamwambia, "Hapana, ni mambo ya familia."

Nilikaa kwenye chumba cha peke yangu chenye mlango mzito, choo changu, na mstari wa njano sakafuni ambao wengine hawauvuki. Chakula kinaachwa kwenye kimeza. Nilikuwa nimebeba kitambaa cha kudarizi kwa ajili ya mtoto wenu, nesi akasema chochote nitakachokishika humo kitabaki humo, nikakiacha nje. Akanionya, "Ukitoka, kwa muda usilale na mtu kitanda kimoja, usimkumbatie mtu." Nikamwambia wa kunikumbatia hata hayupo.

Nikamuuliza mashuka yangu yanakwenda wapi. "Kwenye chumba cha kusubirishia, mama, yakae mpaka yapoe." Na yasiyopoa upesi? "Hayo huwa yanakuja kuchukuliwa na watu wa Idara ya mionzi."

Basi asubuhi akaja mmoja wa watu wa Idara. Nilimwona kupitia kioo cha mlangoni. Koti jeupe limembana mabegani, mvi zimemwota juu ya masikio kama Mzee. Alikuwa na kile kifaa cha kupimia mkononi, anatembea taratibu ukutani. Alipofika mlangoni kwangu kifaa kikaanza kulia kwa kasi. Akasimama. Akatazama kifaa, akaandika, akaendelea.

Nilikuwa nimeshainua mkono nigonge kioo. Nikaushusha. Ningegonga, ungeingia, nakujua, mstari usingekuzuia. Halafu ungerudi nyumbani kwa mjamzito. Na mwanzoni sikukwambia kwa sababu bado nilikuwa na hasira nawe. Hasira ilipoisha likabaki la wifi. Ningekuja kwako, ungemhamishia wapi?

Kwa hiyo nilikutazama mpaka ukapinda kona. Nilifurahi kukuona. Sikujua mtu anaweza kufurahi na kuumia mahali pamoja.

Kile kilichokuwa kinalia kwenye mashine yako ni mimi.

Dada yako


24 Julai

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama posta na nikashindwa kutoka. Mlinzi akaniletea kiti.

Mlango ule naukumbuka. Tumezoeshwa tusichungulie ndani, ili mgonjwa asijione anakaguliwa kama kitu. Nilitazama kifaa. Nikaandika kwamba hali ni ya kawaida. Hali ya kawaida, Dada! Ulikuwa hatua mbili toka kwangu. Kisha nikaenda kukagua chumba cha kusubirishia, nikashika mifuko mmoja baada ya mwingine nikiipima. Mmoja ulikuwa wako. Niliusogeza kwa glavu nikaupanga rafuni na wengine.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni Mama alipofariki. Wewe uliacha shule ili mimi niende. Nami nakuja mpaka mlangoni kwako, napima, naondoka.

Mashuka yako yatapoa, mpaka kifaa kishindwe kuyatofautisha na mengine. Nakueleza haya kwa sababu ndiyo pekee ninayoyajua vizuri. Mengine nashindwa.

Naomba ruhusa ya kuja. Si likizo. Idara inatuma watu mkutano wa pili wa machimbo mwezi wa tisa, nami nimejiandikisha. Nitakuja nikiwa upande wa meza kuu. Kama hutaki kunipokea nyumbani, nitaelewa.

Kitinda


21 Septemba

Kitindamimba wangu,

Umeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa tena. Kikombe chako bado kiko mezani, Mzee hataki kioshwe.

Kwa kuwa hakusikia kitu mkutanoni, ananitaka nimsimulie, nikimaliza anasema hebu rudia. Nakuandikia ninavyomsimulia, uone ulivyoonekana toka kwenye mabenchi.

Namwambia: alikaa mwisho wa meza kuu, tai imemkaba. Mkurugenzi akasema tatizo dogo la maji linaweza kurekebishwa kwa mitaro. Ndipo mwanao akasimama bila kuitwa. Akasema, "Tulipima mashimo wakati wa kiangazi, yalikuwa makavu. Tukapima tena mvua kubwa zilipokuja, maji yakapanda hadi karibu na juu. Mitaro haitoshi. Kwa vipimo vyetu wenyewe, eneo hili halifai." Mkurugenzi alimwangalia hivi. Hapo Mzee huwa ananitaka nimwonyeshe alivyoangaliwa, namwonyesha, anacheka.

Watu wakapiga makofi, muuza mkaa akapanda juu ya benchi. Mimi nikanyoosha mkono. Nikavua mtandio.

"Bwana ofisa," nikakuita.

"Ndiyo, mama," ukanijibu. Hukunitazama usoni, ulitazama kovu.

Nikasema, "Shingo hii imetibiwa kwa mionzi. Nimeacha mashuka yangu hospitali, na wenzangu wameacha mabaki mengine. Siwezi kushangilia kana kwamba hayanihusu. Yasipoletwa hapa, yatakaa kwa nani?"

"Tutatafuta mahali pakavu, mama, na safari hii tutauliza kwanza."

"Sijauliza wapi. Nimeuliza kwa nani. Na ninyi, mkishayamwaga kwake, mnarudi mjini?"

Nilijua nimekuumiza na bado nikasubiri jibu, na jibu halikuja.

Sehemu inayofuata Mzee simsimulii. Ukumbi ulipokuwa umebaki viti, ulikuja mpaka karibu nami ukasimama, mikono imening'inia, kama bado kuna mstari sakafuni. Ikabidi nikwambie, "Muda umeshapita, nimeshapoa." Ukanishika. Kitinda, umenenepa, mikono yangu haikukutana mgongoni.

Siku mbili ulizokaa hatukuzungumza la maana. Ulilala tu, na mimi nikapita mara kwa mara mlangoni kukusikia unavyokoroma. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Msalimie wifi. Mtoto akizaliwa nipigieni, hata kama mtandao ni mbaya.

Dada yako


15 Januari

Shikamoo Dada,

Ulipomsikia binti yako akilia kwenye simu ulisema ana sauti ya Mama. Sasa amenenepa na ana ghadhabu. Wifi yako anasema ghadhabu hizo ni za kwetu.

Sera imepitishwa. Kifungu kimebaki: hakuna eneo litakaloteuliwa kabla watu hawajaelezwa na kukubali, na watachagua mtu wao wa kupima maji pamoja na sisi, matokeo yasomwe hadharani. Mkurugenzi hanisalimii siku hizi, lakini alikitia saini.

Kuna watu wa nyanda kavu, mwisho kabisa wa barabara, wamekubali uchunguzi uanze kwao. Walijadiliana miezi. Waliweka masharti yao, barabara na zahanati, kisha sharti moja lililowatia kigugumizi wakubwa wote: ofisa wa Idara ahamie pale na familia yake, anywe maji ya pale. Hifadhi yenyewe itachukua miaka kujengwa, ila vipimo vya kwanza vinaanza sasa.

Mkurugenzi aliuliza nani yuko tayari. Watu wakaangalia mafaili yao. Dada, nilikusikia ukiniita bwana ofisa. Nikasema mimi.

Wifi yako alinuna, kisha akauliza kama kuna shule. Tunahama mwisho wa mwezi wa pili.

Ni mbali zaidi na nyumbani. Basi ni siku mbili na simu haishiki. Niliporudi toka kwenu niliapa sitakaa tena miaka bila kuja, na tazama nilichokifanya. Kila ninapowaza kazi hii najiona niko sawa, na kila ninapowaza kitanda kile najiona mjinga. Niambie kama nimekosea. Bado ninaweza kukataa.

Kitinda


1 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujakosea. Nimelia siku nzima, nimeharibu mikono miwili ya shati la mteja, na bado nakwambia hujakosea. Usikatae.

Mzee nimempigia kelele sikioni: Kitinda anahamia mbali, kwenda kuyalinda mapipa. Akauliza, "Analinda yasiibiwe?" Nikasema analinda watu. Akafikiri sana. Akasema, "Basi apelekewe blanketi, nyanda kavu kuna baridi alfajiri." Ameshalikunja, liko mlangoni.

Sasa langu. Jumatatu nilikwenda hospitali kwa kipimo cha kuangalia kama kuna masalia. Sikukwambia, maana nilitaka kuogopa peke yangu. Nesi yule yule alitoka na majibu akinikimbilia, akauvuka mstari wa njano na viatu vyake. Safi, Kitinda. Hakuna kitu. Nikamuuliza, na mtoto mchanga je, naweza kumpakata? Akasema, "Mama, hata watano kwa mpigo."

Mke wa muuza mkaa atakaa na Mzee. Nimekata tiketi, mimi ninayeogopa mabasi. Cherehani ndogo ya mkono naibeba, kuna mapazia ya kushona huko mnakokwenda, na sijasema nitarudi lini.

Msifungashe vyombo vyote. Msihame kabla sijafika.

Dada yako